Kwa Msisi na Nyika Tupu: Lugha ya Hifadhi Katika Mizani

Mkoa wa Tanga una Kwamsisi mbili. Ya kwanza ni kata ya Wilaya ya Handeni, upande wa nchi unaoteremkia pwani; ya pili ni kata ya mji wa Korogwe. Asafiriye Uzigua na kandokando yake hukutana na majina ya namna hiyo kila baada ya mwendo mfupi: Kwamatuku, Kwamgwe, Kwasunga, Kwankonje, Kwamndolwa. Majina haya yana sarufi moja, na sarufi hiyo ina fikra ndani yake. "Kwa" ni neno la nyumbani. Humtangulia mwenye mahali, yule anayebishiwa hodi kabla mgeni hajaingia. Na msisi, kwa masikio ya Mgogo, ni mkwaju. Kwa hivyo msikilizaji aweza kusikia mtu, aweza kusikia mti, na jina halimlazimishi kuchagua.

Jina la mahali ni utungo mfupi kuliko tungo zote. Halina vina wala mizani, lakini lina mtazamo, na kila chenye mtazamo chafaa kuhakikiwa. Mtazamo wa majina ya Uzigua ni kwamba nchi ina watu, na kwamba anayetaka kuisemea nchi sharti kwanza aulize ni kwa nani. Huo si mtazamo wa maandishi yote yaliyopata kuandikwa juu ya wanyama na misitu ya Afrika Mashariki. Yapo maandishi mashuhuri, na mengine yameandikwa kwa mapenzi ya kweli, yaliyoingia bila hodi na kuiita nchi nyika tupu. Tofauti ya lugha hizi mbili ni jambo zito, kwa sababu lugha ya nyika tupu ndiyo mlango ambamo siasa kali za mrengo wa kulia, siasa za damu na rangi, zimekuwa zikipenya na kuingia katika harakati za kutunza mazingira.

Mlango huo ulikuwapo tangu mwanzo. Neno lenyewe ikolojia lilibuniwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel, mtaalamu mkubwa wa viumbe, ambaye pia alizipanga jamii za wanadamu katika ngazi, Mzungu juu na Mwafrika chini. Huko Marekani, Madison Grant alikuwa miongoni mwa waasisi wa jumuiya ya kuiokoa miti mirefu ya redwood mwaka 1918. Miaka miwili kabla yake alikuwa amechapisha The Passing of the Great Race, kitabu kinacholilia kupungua kwa damu ya watu wa Ulaya ya Kaskazini. Grant huyo huyo alikuwa katika uongozi wa jumuiya ya wanyama ya New York mwaka 1906, wakati Ota Benga, kijana kutoka Kongo, alipowekwa katika banda la nyani la bustani ya Bronx ili watu wamtazame. Na mwaka 1935 serikali ya Wanazi ilitunga sheria ya kuhifadhi mazingira ya Ujerumani nzima, na wahifadhi wengi wakaipokea kwa shangwe.

Mambo haya hayamfanyi kila apendaye mti kuwa mwanafunzi wa Haeckel. Yanaonyesha tu kwamba mapenzi ya mti hayamkingi mtu na chuki ya binadamu mwenzake. Mapenzi na chuki hiyo vyaweza kukaa katika moyo mmoja, na aghalabu hutumia msamiati mmoja: usafi, asili, uvamizi, wingi uliopita kiasi. Maneno hayo yakisemwa juu ya magugu maji ya Ziwa Viktoria ni maneno ya kitaalamu. Yakihamishwa kimyakimya kutoka kwenye gugu hadi kwa mtu, sarufi haibadiliki hata kidogo, na ndiyo maana uhamisho wenyewe ni vigumu kuuona.

Kitabu kilichoipa Tanganyika sura yake mbele ya ulimwengu ni Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kilichotoka mwaka 1959. Filamu ya jina hilo ilitunukiwa Oscar mwaka 1960. Baba na mwana walikuwa wakiruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakihesabu wanyama. Na tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akazikwa kando yake. Kazi iliyolipiwa gharama kama hiyo haihukumiwi kwa neno moja. Iliwafanya mamilioni ya watu wa Ulaya wamthamini nyumbu ambaye hawatamwona maishani mwao. Ni kweli pia kwamba Bernhard Grzimek alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1937, jambo alilolikana baadaye. Lakini uhakiki hauishii kwenye kadi ya chama, na mtu aweza kuwa na kadi chafu akaandika ukurasa safi. Swali la mhakiki ni kitabu kinaonaje.

Kitabu hiki kinaona kutoka juu. Kutoka angani kundi la nyumbu huonekana vizuri sana, ilhali boma la Mmasai ni duara dogo la miiba. Jicho la angani huhesabu, wala halimwamkii mtu. Jina la kitabu nalo lina kazi yake. Anayesema fulani asife amekwisha kumlaza mgonjwa kitandani, na msomaji hana budi kumtafuta anayemuua. Aliyepatikana ni mfugaji na ng'ombe wake. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti waliondolewa, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo watu na wanyama wangeendelea kuishi pamoja. Jina la Serengeti, linalotokana na neno la Kimasai, lilibaki pale pale na kung'aa juu ya jalada, baada ya wenye kulitamka kuondoka.

Mtazamo huo ulikuwa umekwisha kutengenezewa njia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kulinda wanyama na kutenga maeneo ya hifadhi. Chini ya sheria za kikoloni, mwenye kibali na bunduki akawa mwindaji, na mwenye mtego na familia ya kulisha akawa jangili. Msomaji apendaye maneno atalichungua neno hilo. Jangili limetoka Kihindi, ambako maana yake ni cha porini, kisichofugika. Basi aliyekuwa akiishi kando ya pori kwa vizazi alipewa jina la pori lenyewe, kisha akaambiwa atoke porini.

Baadaye hoja ile ilivikwa kanzu ya sayansi. Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin alichapisha makala iliyosomwa dunia nzima juu ya maangamizi ya mali ya pamoja. Mfano wake mkuu ulikuwa malisho ya kijiji, ambapo kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja juu ya mmoja mpaka majani yaishe. Wafugaji wake walikuwa wa kubuni: hawakuwa na wazee, wala kikao, wala desturi ya kuacha malisho ya kiangazi yapumzike wakati wa masika, mambo ambayo wafugaji wa kweli wanayo. Kwa lugha ya fasihi, Hardin alitunga wahusika bapa, kisha watunga sera wakawachukua kuwa watu halisi. Mwaka 1974 aliendelea, akazifananisha nchi tajiri na mashua ya kuokolea watu ambayo haina nafasi zaidi, na kuwashauri walio ndani wasiwanyoshee mkono walio majini. Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, na wapita njia waliuona. Tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 waliokuwa katika misikiti miwili siku ya Ijumaa, wakiwemo wenye asili ya Somalia. Katika waraka wake alijiita mfashisti wa mazingira, na akadai kwamba uhamiaji wa watu na uharibifu wa dunia ni jambo moja. Wasomaji wa pwani waliokuwa wakidhani kwamba mjadala huu ni wa Wazungu na misitu yao walijua siku ile kwamba waliolipa ni watu wao.

Je, harakati za mazingira zaweza kujilinda? Zipo zilizojaribu. Chama cha Sierra Club cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1892, kilikuwa na mwanaharakati aitwaye John Tanton, ambaye mwaka 1979 alianzisha jumuiya kubwa ya kupinga wahamiaji. Waliofikiri kama yeye walijaribu kukigeuza chama kupitia kura za wanachama. Mwaka 1998 wanachama waliulizwa kama chama kidai wahamiaji wapunguzwe, na takriban asilimia 60 wakakataa. Mwaka 2004 wagombea wenye msimamo huo waliwania viti vya bodi, wakashindwa vibaya. Kilichokinusuru chama ni kwamba jambo lilisemwa kwa jina lake hadharani: wanachama walielezwa kuwa hoja iliyovaa majani ya kijani ilikuwa, chini yake, hoja ya rangi. Mwaka 2020 viongozi wa chama walikwenda mbele zaidi na kukiri kwamba mwasisi wao, John Muir, aliwahi kuwaandika watu weusi na wenyeji wa asili wa Marekani kwa lugha ya dharau. Nao waliendelea kulinda misitu.

Handeni haina Tanton wake. Hata hivyo ina maswali yale yale ya mgeni, mwenyeji na ardhi, na yamewahi kujibiwa humo kwa njia mbili tofauti.

Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kuvushwa hadi bonde la Mto Juba, Somalia. Wajukuu wao walikaa huko kwa vizazi na vizazi bila kuiacha lugha ya Kizigua. Vita vilipoichana Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha wakapewa ardhi katika makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo. Na baadhi wakapata uraia. Kwa hesabu ya mashua ya Hardin hao walikuwa vinywa vya ziada. Kwa hesabu ya methali za Kiswahili walikuwa neema, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aweza kusema kwamba walipokelewa kwa sababu ya damu. Lakini baada ya vizazi kadhaa ni nani awezaye kuiona damu? Kilichotambulika kilikuwa lugha, na kilichowakalisha kilikuwa shamba. Methali nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na jembe ni njia ya kumfanya mtu awe wa mahali bila kumuuliza nasaba yake.

Jibu la pili ni Msomera. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa katika kijiji hicho cha Handeni, mamia ya kilomita kutoka kwao. Serikali ilieleza kwamba uhamaji ni wa hiari na kwamba watu na mifugo ya Ngorongoro wameongezeka kupita uwezo wa hifadhi. Ilijenga nyumba za vyumba vitatu na kutenga mashamba ya ekari 5. Wengi waliobaki Ngorongoro walisema kwamba huduma zao, za afya na shule, zilipunguzwa hadi hiari ikakosa maana, na ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 iliandika malalamiko hayo pamoja na ya wakazi wa zamani wa Msomera, waliosema kuwa ardhi yao iligawiwa bila ridhaa yao. Agosti 2024 maelfu ya Wamasai waliandamana Ngorongoro, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao na kuahidi kuunda tume mbili za kuchunguza malalamiko.

Itakuwa ni dhuluma kuiita sera hii siasa ya mrengo mkali wa kulia, na anayeifananisha na mauaji ya Christchurch hana mizani. Wasiwasi juu ya Ngorongoro una msingi. Majani na maji vina kikomo. Kinachostahili kupimwa ni lugha iliyorithiwa. Katika taarifa nyingi juu ya jambo hili wanyama wana makazi, ilhali watu wana idadi. Wanyama huzaliana na hiyo ni habari njema. Watu huongezeka na hiyo ni tishio. Sentensi hujengwa katika kauli ya kutendwa, "watu wamehamishwa", "eneo limetengwa", na mtenda hutoweka katika sarufi. Na ile methali ya jembe ina watu wawili, mgeni na mwenyeji, na jembe hutoka mkononi mwa mwenyeji. Msomera jembe lilitolewa na mtu wa tatu. Mgeni hakuomba kuja, na mwenyeji hakubishiwa hodi.

Hapo ndipo penye hatari ya pili, ambayo watetezi wa wanyonge hawaipendi kuitaja. Mwenyeji aliyedharauliwa hujifunza haraka lugha ya damu. Katika wilaya za Tanga na Morogoro, ambako wakulima na wafugaji wamegombea maji na malisho kwa miaka mingi, na ambako mwaka 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, neno "wavamizi" hutumika kwa wepesi kumtaja mfugaji hata aliyezaliwa hapo hapo. Mfugaji naye hutajwa kuwa ndiye mharibifu wa vyanzo vya maji, na kuhifadhi chanzo cha maji kukageuka jina la heshima la kumfukuza jirani. Hapa sarufi ya "kwa" yaweza kupotoshwa: kutoka "hapa ni kwa Msisi, piga hodi" hadi "hapa ni kwa Msisi, kwa hivyo si kwako". Kwa herufi tatu ni neno moja, lakini maana ya kwanza ina mlango na ya pili ina ukuta tu.

Ushairi wa Kiswahili una sehemu yake katika lawama na katika dawa. Kwa muda mrefu kurasa za malenga magazetini na mashindano ya siku za mazingira yamezaa tungo nyingi za kusifu misitu na kulaani waiharibuo. Vina vyake mara nyingi ni safi na nia yake ni njema. Lakini katika tungo hizo mharibifu aghalabu ni yule yule: mchoma mkaa, mkata kuni, mvuvi wa nyavu ndogo, mchungaji. Mkaa wa Handeni hupanda lori na kwenda kupika chai mijini, katika nyumba ambamo wasomaji wa mashairi hukaa. Ni nadra beti kumfuata mkaa mpaka huko. Mshairi anayeishia kwa mwanamke mwenye gunia kando ya barabara ameyatazama mazingira kutoka kwenye ndege yenye milia, hata kama hakuwahi kupanda ndege.

Mila ya fasihi yenyewe ina mfano ulio bora. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alimwandika Utubora Mkulima, mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini aende kulima kijijini. Mapenzi ya nchi katika kitabu hicho hupita katika mikono na katika ujirani. Ndiyo mapenzi yanayokutikana pia katika misitu ya jadi ya Handeni, ambayo wazee wa Kizigua waliilinda kwa sababu ya tambiko na makaburi; na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuja kuvitambulia vijiji haki ya kuwa na misitu yao ya hifadhi. Msitu wenye kaburi hauwezi kuitwa tupu.

Visiwani mfano ulio karibu ni Misali, upande wa magharibi wa Pemba. Simulizi husema kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala wa kusalia, usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala. Misali ilipotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, wavuvi hawakuondolewa. Sehemu ndogo ya miamba ilifungwa ili samaki wazaliane, sehemu iliyobaki ikaachwa kwa uvuvi wenye kanuni, na kanuni hizo zikaelezwa kwa lugha ambayo wavuvi waliijua tangu chuoni: mwanadamu ni khalifa, amekabidhiwa amana na ataulizwa. Hifadhi hiyo imekuwa na udhaifu wake, kwani doria huhitaji fedha na njaa haisubiri msimu. Lakini katika lugha yake mvuvi ni mtendaji wa sentensi. Kwa sababu hiyo fikra ya damu na rangi haipati mahali pa kukaa ndani yake. Haina mtu wa kumfuta.

Waandaaji wa mashindano ya mashairi ya mazingira, na wahariri wanaopokea tungo hizo kwa wingi, wana kazi ndogo inayowezekana. Wanapozipima vina na mizani, wapime pia ni nani yumo katika nchi inayosifiwa na ni nani ameondolewa ili sifa ipendeze. Beti zinazomtaja mharibifu ziulizwe kama zimemjua, na kama zimemtaja pia mnunuzi wake. Neno "asili" likiacha kumwelekea mti na kuanza kumwelekea mtu, mhariri alirudishe kwa mwenyewe kabla halijachapwa.